Amka Ukaandike

Nianze kwa kusema jambo ambalo kwa miaka mingi sikulisema hata kwa rafiki wa karibu: mimi siswali. Sikuacha kwa sababu ya ulevi, wala kwa kugombana na ustadhi, wala sikusoma kitabu cha mzungu kikanipotosha kama anavyodhani baba mdogo. Niliacha kidogo kidogo, kama mtu anavyoacha kumwandikia barua jamaa aliyehama bila kuacha anwani. Siandiki haya kumshawishi mtu. Mwenye imani yake na abaki nayo, na nyumba niliyolala jana usiku ni nyumba ya mama yangu, anayeswali sala zote tano na za sunna juu yake. Nataka kujibu swali moja tu ambalo vijana wenzangu wawili watatu wameniuliza, kila mmoja kwa wakati wake, kwa sauti ya chini kana kwamba wanaulizia ugonjwa wa aibu: "Sasa wewe asubuhi unaamka kwa ajili ya nini?"

Kwetu ni Kigombe, katika barabara inayotoka Tanga kwenda Pangani. Ukitoka mjini unapita njia ya Machui, halafu Tongoni penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, halafu minazi, mashamba ya mkonge, na bahari mkono wa kushoto. Baba alikuwa mvuvi wa jarife, wale wanaotega nyavu za macho makubwa jioni kwenye maji ya kina na kwenda kuzivuta alfajiri, wakitafuta papa na taa. Mwezi wa Julai, mwaka 2014, kusi ikivuma kweli kweli, alitoka yeye na mwenzake mmoja. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilimbebea dumu la maji mpaka ufukweni. Hakuniambia neno lolote la kukumbukwa. Alisema, "Waambie wafunge banda la kuku vizuri." Basi.

Hawakurudi. Siku ya nne vijana wa Mwarongo waliokota dumu lile. Siku ya tisa lilipatikana kasia, lakini mafundi hawakukubaliana kama ni la chombo cha baba au la mtu mwingine.

Watu walijaa kwetu. Sijapata kuona wema kama ule, na lazima niuseme kabla sijasema mengine. Mchele uliletwa, kuni zililetwa, wazee walisoma Yasini kila jioni. Na kila aliyeingia alisema neno lile lile: "Atarudi, inshallah. Msikate tamaa." Mzee mmoja alitupa habari za wavuvi waliosukumwa na maji mpaka Pemba, wakakaa huko wiki mbili bila ya simu. Mama akashika habari hiyo kama mtu anavyoshika ukingo wa ngalawa.

Nami nilikuwa na habari yangu ya kushika. Nieleze kidogo, maana wasomaji wa bara pengine hawaijui.

Baharini kwetu yuko samaki anaitwa silikanti. Wataalamu wa dunia walimjua kwa mifupa yake iliyogeuka mawe tu, wakaamini kizazi chake kilikwisha zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, pamoja na madubwana ya zama zile. Mwaka 1938 akavuliwa mmoja mzima huko Afrika Kusini, na bibi mmoja mtunza makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, akamwona katika rundo la samaki akashtuka. Kumbe Wangazija walikuwa na jina lake siku nyingi, gombessa, ila hakuna aliyewauliza. Kwetu alianza kunaswa kwenye majarife kuanzia mwaka 2003, na baada ya hapo wakawa wanatoka wengi mpaka serikali ikatangaza hifadhi ya bahari ya silikanti mwaka 2009, kuanzia kaskazini ya mlango wa mto Pangani kupanda mpaka upande wa mji wa Tanga. Mjomba wangu alikuwamo katika chombo kilichomtoa mmoja wa hao wa mwanzo. Akisimulia hucheka: "Lisamaki libuluu, lina madoa meupe, mapezi kama mikono ya mtoto. Tukalikata, tukalipika. Lo! Mafuta matupu. Hata paka alinusa akaenda zake."

Basi mimi, mtoto wa miaka kumi na mitatu, nilijenga hoja yangu. Kama samaki aliyehesabiwa kuwa marehemu kwa miaka milioni sitini ameonekana Kigombe, baba atashindwaje kuonekana baada ya wiki sita? Hoja hii niliipeleka kwenye sala. Niliamka usiku wa manane nikaswali rakaa ambazo sikulazimishwa na mtu, nikamweleza Mungu habari za silikanti kana kwamba yeye hakuwa nazo. Nilihesabu mausiku arobaini kwa mkaa nyuma ya mlango. Usiku wa arobaini nilikaa ufukweni mpaka kukapambazuka. Vyombo viliingia vyote. Nilivihesabu.

Sikukasirika. Ningekasirika ingekuwa afadhali, maana mwenye hasira bado ana mtu wa kumkasirikia. Nilichokuta, siku zilivyokwenda, ni kwamba nikisujudu nasikia pumzi yangu mwenyewe kwenye mkeka, basi, hakuna kingine. Niliendelea kuinama na kuinuka na wenzangu kama miaka mitatu hivi kwa ajili ya mama, halafu nikawa nachelewa, halafu nikawa sipo.

Mama naye alikuwa na tabu yake, tena kubwa kuliko yangu. Hakujua akae eda au asikae. Akikaa, amemzika mumewe kwa mkono wake, naye huenda yuko Pemba anakunywa uji. Asipokaa, anaishi kama mke wa upepo. Ilipita karibu nusu mwaka ndipo wazee na masheikh walipokaa, wakapima, wakamwambia akae. Akakaa miezi minne na siku kumi ndani ya chumba kile, na mimi ndiye niliyekuwa nikienda sokoni. Nakumbuka siku aliyotoka. Aliangalia jua, akaangalia banda la kuku, akasema, "Hili lataka makuti mapya." Siku ya pili akaanza biashara ya vitumbua.

Tangu hapo nililichukia neno tumaini. Kila nililosikia, redioni au mdomoni mwa mwalimu, niliona dumu la maji linaelea. Kwangu tumaini lilikuwa ahadi iliyotolewa na mtu asiyekuwa na uwezo nayo. Wenzangu wa mtaani walikuwa na matumaini ya aina nyingine: bomba la mafuta, kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani hapa Tanga, litatuajiri sote. Wako waliopata kazi, wako waliopata fulana tu. Mimi nilikuwa nimekwisha kujifunza kutongoja.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2018. Matokeo sitayataja. Nikaingia mjini kwa binamu yangu, nikapata kibarua cha kubeba saruji na nondo. Mchana, wengine wakilala kivulini, mimi nilizunguka barabara za Ngamiani, zile zenye namba badala ya majina, na hapo kwa muuza vitabu vikuukuu nikakuta Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi kisichokuwa na jalada. Nilikinunua kwa bei ya sahani ya wali.

Nataka niwe mkweli juu ya kitabu hiki, kwa sababu nimesikia watu wakikisifu kama vile wanasifu dawa ya kikohozi. Kilinitisha. Kazimoto, kijana msomi, anayatazama maisha mpaka ndani, haoni maana yoyote, na mwisho wake anajiua. Nilikimaliza usiku mmoja kwa mwanga wa simu, na asubuhi sikwenda kazini. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimekutana na mtu anayesema kwa Kiswahili, tena Kiswahili chepesi cha kwetu sote, mambo niliyodhani yamo kichwani mwangu peke yangu. Na huyo mtu alikuwa amefika mahali gani? Kaburini. Nikawaza, basi njia hii inakwenda huko. Ukiondoa ahadi, ndivyo inavyokuwa. Kwa muda wa miezi kadhaa nilikuwa mtu wa hatari kwangu mwenyewe, na aliyeniokoa bila kujua ni binamu yangu, kwa kuniamsha kila siku kwa matusi tuwahi lori.

Halafu, Januari 2020, tukiwa juu ya lori hilo, redio ya dereva ikatangaza kwamba Profesa Kezilahabi amefariki Dar es Salaam.

Nilishangaa kwa namna isiyo ya kawaida. Sikujua kama alikuwa hai! Kwangu mimi mtu aliyeandika Kichwamaji alikuwa amekwisha kufa zamani, tena pengine kwa mkono wake. Nilijua kuwa yu hai siku ile ile aliyokufa. Jioni nilikaa na simu nikatafuta habari zake. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1944. Alisoma seminari, yaani na yeye alikulia ndani ya sala. Kichwamaji ilitoka mwaka 1974. Nikahesabu kwa vidole: kutoka 1974 mpaka 2020 ni miaka 46. Miaka arobaini na sita mtu huyu aliamka asubuhi! Akaandika Dunia Uwanja wa Fujo, akaandika Gamba la Nyoka, akaandika mashairi yasiyo na vina watu wakamshambulia, akaendelea tu. Akasoma mpaka udaktari huko Marekani, akaandika Nagona na Mzingile, akafundisha Dar es Salaam na baadaye Botswana. Kazimoto alikufa. Aliyemtunga Kazimoto alisahihisha mitihani ya wanafunzi.

Sijui kama msomaji ataelewa jambo hili lilivyonigusa. Nilikuwa nimesoma maneno nikadhani ndiyo yote. Sikuwahi kuufikiria mkono ulioyaandika, kwamba mtu aliyekata tamaa kabisa hakai kwenye kiti akapanga sura ya kwanza na ya pili, akafuta neno hili akatia lile, ili kijana wa Kigombe ambaye hajazaliwa asome siku moja na kuona hayuko peke yake. Simsemei marehemu alichoamini, hilo ni lake. Nasema nilichokiona mimi: alitazama mahali penye giza, akarudi kusimulia, tena kwa sarufi safi.

Ndipo nilipomrudia hata samaki wangu. Mtoto yule wa miaka kumi na mitatu alidhani silikanti alipotea akarudi. Hakupotea. Miaka yote hiyo alikuwa kule chini, mita mia na zaidi, kwenye mapango ya mawe, anakula, anazaa, wala hakuwa na habari kwamba kuna watu wamemwandikia tanzia. Hakurudi kwa ajili ya yeyote. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti unaosema samaki huyu anaweza kufikisha umri wa miaka 100 hivi, na mimba yake huchukua kiasi cha miaka mitano. Miaka mitano! Nilipomsomea mjomba hili kwenye simu aliguna, akasema, "Basi huyo jike ana moyo. Sisi tumbo la miezi tisa tu nyumba haikaliki." Mimi sikucheka sana. Riwaya yangu niliianza wiki ile ya Januari 2020, kwenye daftari la hesabu la binamu, na kila mtu aliyeniuliza kwa nini haishi nilikuwa sina jibu. Sasa ninalo.

Kuna jambo la baba pia, na hili nimelijua ukubwani. Miaka ya 1990, mabaruti yalipokuwa yakilipuliwa miambani mchana kweupe, vijiji vya pwani yetu vilikubaliana kufunga baadhi ya miamba isivuliwe kabisa, na wanakijiji wenyewe wakalinda doria. Baba, akiwa kijana kama mimi sasa, alikuwamo. Mjomba anasema alikuwa akikesha ndani ya mtumbwi kulinda samaki ambao yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuwavua, na akiulizwa kama kweli watazaana, alijibu, "Tutaona." Hakusema watazaana. Hakusema hawatazaana. Na usiku wa pili alikwenda tena. Baba aliswali maisha yake yote, sitaki kumtia katika kundi langu kwa hila. Lakini nimelichukua neno lake hilo, na ndilo ninalotembea nalo badala ya "atarudi".

Wapo watakaosema huyu kijana anajisifu kwa kukosa dini. Wangejua tabu yake! Kiswahili chenyewe hakinipi nafasi. Nikisema "asante" naitikiwa jina la Mungu, nikipiga chafya naombewa, nikipanga safari ya Muheza kesho lazima niseme inshallah, na nasema. Zamani nilijiona mnafiki. Siku hizi naona neno lile linasema ukweli ninaoukubali: kesho si yangu. Rafiki yangu mmoja kanitania, "Wewe sasa umekuwa mpagani." Nikamwambia, "Mpangani ni mjomba, mimi mtu wa Kigombe." Tukacheka, lakini usiku sikulala vizuri. Na mazishi ndiyo magumu zaidi. Nabeba jeneza, nachimba, natia udongo mara tatu kama wengine, na wakati mikono inapoinuliwa mimi nainua yangu pia, kwa sababu aliyelala pale alikuwa akiniletea kuni mwaka 2014.

Mama alijua kabla sijamwambia. Nilirudi Kigombe miaka mitatu iliyopita, kazi ya saruji ilipokwisha, nikawa namsaidia vitumbua. Mama huamka kabla ya adhana kutayarisha mchele uliolowekwa. Siku moja, mimi nawasha jiko, akasema bila kunitazama, "Mwanangu, we huswali." Haikuwa swali.

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu baba."

Alinyamaza. Alimimina unga kwenye kikaangio, shimo moja baada ya jingine, yote saba, akavigeuza vyote, na hakusema. Nikaona machozi yanamtoka, nikataka kusema moshi, akasema yeye kwanza: "Moshi huu." Wiki ile nzima tulikuwa kama wapangaji wawili. Alinipeleka kwa mzee wetu mmoja, nikaenda kwa adabu, nikampa shikamoo, nikamsikiliza. Mzee yule hakunikaripia. Aliniuliza kama namtunza mama yangu, nikasema najitahidi, akamwambia mama, "Mwache. Wewe muombee, yeye akusaidie kupepea jiko."

Sikujua mama amelichukuaje hilo mpaka asubuhi moja ya masika. Nilikuwa nimelala fofofo. Adhana ilikuwa ikisikika, mvua inapiga bati. Mama akasimama mlangoni, ametawadha, kanga imemlowa mabegani. Zamani alikuwa akiniita nikaswali, na baada ya siku ile ya jikoni aliacha kuniita kabisa, jambo lililoniuma kuliko nilivyotazamia. Sasa akagonga mlango kwa kiganja.

"We! Amka."

"Mama, leo mvua, nani atanunua vitumbua?"

"Sikuamshii vitumbua. Kama huswali, basi amka ukaandike. Mtu halali tu wakati huu kama gogo."

Tangu siku hiyo ndivyo tunavyoishi. Adhana ikilia, yeye anatandika mkeka wake upande ule, mimi nafungua daftari upande huu, kibatari kimoja katikati, maana umeme wetu mnaujua. Nusu saa hivi hatusemi. Nikikwama, namsikiliza anavyonong'ona. Jina la baba linapita mle, na langu pia. Halafu anakunja mkeka, mimi nafunga daftari, tunakwenda jikoni. Ndio muda ninaoandika vizuri kuliko wote.

Juzi, akigeuza vitumbua, aliuliza habari za riwaya. Hajui kusoma maandishi yangu, anasema ni kama miguu ya kaa. Nikamweleza kwa ufupi: kijiji, chombo, mtu aliyetoka wakati wa kusi.

"Na mle ndani anarudi?"

"Sijafika huko, mama."

Akavitoa saba vile, akavipanga kwenye sinia, akafunika na gazeti.

"Usiharakishe," akasema. "Na lile banda la kuku, umelitia?"

Nilikuwa sijalitia. Nimelitia jana.